Dira Isiyobishana na Mwenyewe

(Hotuba iliyotolewa mbele ya Wanafunzi wa Zamani, Mtwara)



Katibu aliponiandikia kwamba nizungumze, alinishauri nichague jambo linalohusu utumishi wa umma. Nimefikiri sana. Mwishowe nimeamua kuzungumzia kitu kidogo kilichomo mfukoni mwangu, nacho ni dira hii.

Nitaipitisha mikononi mwenu. Itazameni vizuri. Kasha ni la shaba, lina mfuniko na kikuku cha kutilia mnyororo, kama saa za mababu. Nilizawadiwa na wenzangu wa ofisini nilipopandishwa cheo na kuhamishiwa huku kwetu kusini. Juu ya mfuniko limechongwa jina la watengenezaji wa zamani wa London, na mwaka 1885. Ndani ya mfuniko limechongwa shairi la Mmarekani Robert Frost, lile la njia mbili msituni.

Basi kwa muda wa mwaka mzima niliamini kwamba ninamiliki kitu cha karne ya kumi na tisa. Niliiweka mezani ofisini, mbele ya kalenda, na kila mgeni aliyeingia aliiuliza. Mimi nami sikusita kuieleza. Siku moja binti yangu, aliyekuwa kidato cha tatu, akaniuliza: "Baba, huyu Frost alizaliwa lini?" Tukatafuta. Alizaliwa mwaka 1874, na shairi lile lilichapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1915. Kumbe dira ya mwaka 1885 ilikuwa imechongwa shairi la mtoto wa miaka kumi na mmoja, miaka thelathini kabla halijachapishwa! Baadaye nikafahamu kwamba dira nyingi za namna hii hutengenezwa siku hizi kaskazini mwa India, kwa ajili ya kupamba meza na kuuziwa watalii.

Mlicheka, nami nilicheka. Hakuna aibu mtu kuwa na pambo. Aibu yangu ilikuja baadaye, na ndiyo nitakayowaeleza, ingawa sijapata kuieleza hadharani.

Mwezi Machi, kaskazi ikielekea kwisha, nilikwenda na wenzangu wawili kwa mashua ya mashine hadi kijiji kimoja karibu na mlango wa Mto Ruvuma. Kazi ilituchelewesha. Tulipoondoka kurudi Msimbati jua lilikuwa limekaribia kuzama. Ufukweni akatusimamisha mama mmoja mwenye mtoto wa homa kali, akaomba tumpakie ili amfikishe kwa waganga. Tukampakia.

Tulipokuwa njiani mvua ikashuka, nzito kiasi kwamba bara halikuonekana, wala omo ya chombo haikuonekana vizuri kutoka tezi. Simu zetu zilikuwa zimekwisha chaji. Nahodha, mzee ambaye ameivua bahari ile tangu utotoni, alishika usukani kimya. Mimi nikatoa dira yangu. Mshale ukaelekea omo. Nikatangaza kwa sauti: "Tuko sawa, tunakwenda kaskazini."

Baada ya kitambo Mzee akasema: "Bwana mkubwa, mawimbi yalikuwa yanatupiga ubavu wa kulia. Sasa yamehamia tezi. Tumegeuka, tunaelekea bara, na kule kuna mafungu. Niruhusu nitoe chombo nje."

Nikatazama tena dira. Mshale bado ulikuwa umeelekea omo. Nikamwambia: "Mzee, chombo hiki hakidanganyi. Shika hivi hivi."

Ndugu zangu, nataka mwelewe kwamba mzee yule hakukubaliana nami. Alinitii tu. Mashua ilikuwa imekodiwa na ofisi, mimi nilikuwa mkubwa, na mkononi nilikuwa na kitu cha shaba kinachong'aa. Dakika chache baadaye tukapanda fungu la mchanga. Rafadha ikavunjika, na maji yalikuwa yanakupwa. Tukakaa pale mpaka maji yalipojaa usiku wa manane, tukipokezana kumfunika mtoto kwa turubai. Kisha tukasukuma chombo kwa upondo, tukafika Msimbati alfajiri. Mtoto alitibiwa akapona, Mwenyezi Mungu ashukuriwe. Lakini saa zile nane alizochelewa zilikuwa deni langu, wala hazikuandikwa katika ripoti yoyote.

Sasa, ile dira ilikuwa na kasoro gani? Nilimpelekea mwenzetu mmoja wa darasa letu ambaye sasa anafundisha fizikia. Aliigeuzageuza, akacheka, akaniambia: "Umesahau somo la sumaku." Akanikumbusha kwamba nguvu ya sumaku ya dunia haivuti mshale kuelekea kaskazini na kusini tu, huuinamisha pia. Kaskazini mwa dunia ncha ya kaskazini ndiyo inayoinama, kwa hiyo mafundi wa huko huiongezea uzito ncha ya kusini ili mshale ulale sawa. Mahali mshale unapolala sawa bila kuongezewa kitu pako mbali kaskazini yetu, katika Pembe ya Afrika. Ukivuka ukaja huku Mtwara, ncha ya kusini ndiyo inayoinama. Mshale wangu basi ulikuwa unavutwa chini na sumaku, na juu ya hayo ulikuwa na ule uzito wa kigeni. Ulikuwa umegusa sahani na kukwama. Chombo kikigeuka, nao unageuka nacho. Kila tulikoelekea kulikuwa kaskazini!

Tafadhalini, yatafakarini maneno hayo. Sikuwa na dira. Nilikuwa na kitu kinachokubaliana nami kila ninakokwenda.

Sisi watumishi tunavijua vitu vya namna hiyo. Tunawajua na watu wa namna hiyo: "Ndiyo, Mkurugenzi, sawa kabisa, Mkurugenzi." Huonekana wazuri mezani, na hung'aa wageni wakija. Lakini aliyesema kweli siku ile ni mzee asiyekuwa na chochote mkononi ila usukani, naye nilimnyamazisha.

Tena mji huu wenyewe ni shahidi. Bandari yetu ya kina kirefu ilijengwa kwa ajili ya Mpango wa Karanga ulioanzishwa na Waingereza mwaka 1947. Walikusudia kulima zaidi ya ekari milioni tatu. Walileta matrekta na wataalamu, wakajenga na reli kutoka hapa kuelekea Nachingwea. Hesabu zao zilikuwa zimepangwa vizuri kwenye karatasi, lakini udongo na mvua za Tanganyika hazikuwamo ndani yake. Mwaka 1951 mpango ukafutwa, na zaidi ya pauni milioni 36 zikapotea. Reli nayo ilifungwa miaka ya 1960. Mshale uliosawazishwa kwingine ulikuwa umekwama huku.

Na hata dira nzuri ina mpaka wake. Livingstone aliingia Ruvuma mwaka 1861 na meli yake Pioneer, akiwa na vyombo halisi vya kupimia. Vilimwonyesha uelekeo, lakini maji ya mto yalikuwa yanapungua, ikambidi arudi. Dira haikuambii kina cha maji. Kina huulizwa kwa upondo, au kwa mwenyeji.

Mtauliza, je, niliitupa? La hasha. Nilimpelekea fundi wa saa sokoni. Akaifungua, akakwangua uzito ule wa kusini, akatia tone dogo la nta kwenye ncha ya kaskazini. Mshale ukaanza kucheza. Kisha nikairudisha kwa yule nahodha, nikamwomba radhi mbele ya wenzangu walewale waliokuwa chomboni. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema: "Twende tukaipime."

Alinipeleka msikitini kwake, tukasimama nje ya ukuta wa mihrabu. Wazee wa pwani waliita kaskazini kibla, na hapa Mtwara neno hilo ni kweli hasa, maana Makka na Mtwara ziko karibu kwenye mstari mmoja wa longitudo, kama digrii 40 mashariki. Anayeswali hapa huelekea kaskazini. Mshale ukatikisika, ukatulia, ukaelekea mihrabu, ukipungua digrii chache tu. Mzee akatikisa kichwa: "Sasa inaweza kukubishia."

Ndugu Mwenyekiti, Julai 2025 taifa letu lilizindua Dira ya Maendeleo ya 2050. Wengi wetu humu ndani ndio tutakaoitekeleza, katika wilaya, shule na hospitali. Ombi langu ni dogo. Kabla ya kuiweka mezani ing'ae, kila mmoja aipeleke mahali alipo akaisawazishe, na amtafute mtu anayejua mafungu ya pale, ampe ruhusa ya kumbishia.

Mwalimu wetu wa jiografia alitufundisha kutengeneza dira kwa sindano, kipande cha kizibo na bakuli la maji. Haikuwa na shaba wala shairi. Lakini tulipoligeuza bakuli, sindano ilirudi palepale.

Dira ikifika mkononi mwako, ndugu, usitazame kasha. Igeuze, utazame mshale.