Tulimchangia, mbona hatembei?

Ndugu msikilizaji, mwaka jana wakati wa kipupwe nililetewa karatasi ya ahadi na kijana anayesambaza mikate mtaani kwetu kwa baiskeli. Nilidhani ni ya harusi. Kwa sisi wakazi wa Dar es Salaam, karatasi yoyote inayoletwa jioni na mtu aliyevaa shati safi huwa ni ya harusi. Kumbe sivyo. Kijana alikusudia kuendesha baiskeli yake, Phoenix ile ile ya mikate, kutoka Ubungo hadi Morogoro kwa siku moja, na aliomba kila mtu aahidi kiasi fulani kwa kila kilometa. Fedha zilikuwa za matibabu ya mtoto wa dada yake, binti wa miaka sita mwenye mtindio wa ubongo.

Nikaandika shilingi 500 kwa kilometa. Nikiri hapa hapa kwamba ukarimu ule ulitokana na imani yangu kuwa hatafika. Nilimkadiria Mlandizi, na akijitahidi sana, Chalinze. Tena nilimwonya juu ya malori yaendayo Zambia na Kongo, ambayo baadhi ya madereva wake hawamhesabu mpanda baiskeli kuwa mtu. Akanijibu, "Mzee, hayo malori nakutana nayo kila alfajiri, nikiwa na kreti la mikate nyuma."

Aliondoka saa 10 alfajiri na wenzake wawili. Mmoja miguu ilimkaza Chalinze akapanda basi. Magharibi simu yangu ikalia: wawili wako Msamvu, wanakunywa soda. Kilometa 190 mara 500, ndugu msikilizaji, ni shilingi 95,000.

Niliyokusudia kuyasema leo lakini ni yale yaliyofuata. Miezi minne baadaye nilikuwa dukani nikinunua sukari, nikamsikia mmoja wa waliochanga akiuliza kwa sauti: "Yule mtoto tulimchangia, mbona hatembei?" Waliokuwapo wakaitikia kwa vichwa. Na mimi, kabla sijatia akili, nikaitikia.

Mtindio wa ubongo si ugonjwa unaomalizwa kwa dozi ya dawa, kama malaria. Ubongo wa mtoto umeumia. Huenda aliumia akiwa tumboni, huenda alikosa hewa wakati wa kuzaliwa, au baadaye alipatwa na manjano makali, homa ya uti wa mgongo ama malaria iliyopanda kichwani. Jeraha lenyewe haliongezeki. Kinachoongezeka ni kukaza kwa misuli. Mtoto asiponyoshwa na kuzoezwa mara kwa mara, magoti na nyonga hukakamaa pale yalipo, na hapo hata kumvisha nguo huwa ni kilio. Kwa hiyo mazoezi ya viungo hayana siku ya kuhitimu. Wapo watoto ambao hatimaye hutembea. Wapo ambao ushindi wao ni kukaa bila kuegemezwa, kushika kijiko, na kumeza uji bila kupaliwa.

Nilikwenda kwa mama wa mtoto. Akanionyesha daftari lake, na ukurasa wa kwanza ulikuwa na neno moja tu: nauli. Zahanati ya jirani haina mtaalamu wa mazoezi, hivyo hupanda daladala mbili kwenda na mbili kurudi, mara mbili kwa wiki. Mtoto wa miezi sita hubebwa mgongoni na kanga moja, wala hakuna anayegeuka kutazama. Wa miaka sita miguu yake inaning'inia, shingo haikai sawa, na konda mwingine humdai nauli ya mtoto na bado asimpe kiti. Kabla ya safari ile ya Morogoro mama alikuwa ameacha kwenda kwa miezi mitano. Fedha zilikwisha, akanyamaza. Katika miezi hiyo mitano goti la kushoto likaanza kukataa kunyooka.

Ndipo nikaelewa kijana alikuwa ameendesha baiskeli siku nzima kwa ajili ya nini. Nauli ya mwaka mmoja, na kiti maalumu chenye mikanda, ambacho seremala wa mtaani alikichonga kwa vipimo vya mtaalamu. Hakuna aliyetuambia kwamba ataamka siku moja akimbie. Hilo tulilitia sisi wenyewe kichwani, kwa kuwa tumezoea mchango wenye siku ya kilele. Harusi ina siku yake. Unachanga, unakula pilau, unaona mlichokinunua. Hapa pilau hakuna.

Yupo Mghana mmoja, Emmanuel Ofosu Yeboah, aliyezaliwa na mguu wa kulia uliolemaa. Mwaka 2001 alikatisha nchi yake kwa baiskeli, kilometa zipatazo 600, akikanyaga pedali kwa mguu mmoja. Yeye alitaka watu wa kwao waache kudhani kwamba kazi ya mlemavu ni kuomba barabarani. Ghana ilipata sheria ya watu wenye ulemavu mwaka 2006. Yetu ni ya mwaka 2010. Imeandikwa vizuri, lakini sijamwona konda aliyeibandika mlangoni.

Binti nilimkuta ameketi kwenye kiti chake kipya. Mjomba alikuwa amepita na mkate, mama akamkatia kipande akakiweka mezani mbele yake. Mkono ukaenda, ukakosa, ukarudi, ukakosa tena. Mimi nikanyoosha mkono nimsaidie, mama akanizuia: "Muache, baba. Anajua." Chai yangu ilifika nusu kikombe ndipo kipande kikafika mdomoni. Akacheka, na sisi tukacheka.

Wakati naaga niliomba kuona orodha ya walioahidi. Chini ya nusu walikuwa wamelipa, na yule muulizaji wa dukani hakuwamo. Jina langu lilikuwa ukurasa wa pili, mbele yake imeandikwa 50,000, na pembeni kwa penseli: bado 45,000. Mama alifunika kwa kidole, kwa heshima. Nimezipeleka juzi Jumamosi.