Njia Nyingine ya Kufikia Udaktari



Kijana aliyekosa alama za udaktari katika mtihani wa kidato cha sita hajafungiwa mlango. Amebakiwa na njia iliyo ndefu zaidi. Stashahada ya Utabibu husomwa kwa miaka 3, na msingi wa kudahiliwa ni matokeo ya kidato cha nne: kufaulu masomo manne, yakiwemo Kemia, Biolojia na Fizikia. Ahitimuye huwa tabibu, mtumishi anayetegemewa sana katika zahanati na vituo vya afya. Akipata wastani mzuri, na cheti chake cha kidato cha nne kikitimiza masharti, aweza kuomba shahada ya udaktari ya miaka 5, kama ile itolewayo Bugando, Mwanza, kisha mwaka 1 wa mafunzo kwa vitendo.

Kwa hiyo mzazi asiuze kibanja ili kumlipa mtu anayeahidi nafasi ya mkato. Kabla ya kulipa ada, usajili wa chuo uhakikiwe: NACTVET kwa stashahada, TCU kwa shahada. Ada ya chuo halali hutafutwa kidogo kidogo. Kibanja kilichouzwa kwa ajili ya laghai hakirudi.