Mara Ngapi, Si Vijiko Vingapi

Msikilizaji, leo naanzia Uswidi, kwenye hospitali ya Vipeholm, karibu na mji wa Lund. Mwaka 1945 ulianza hapo utafiti wa kutafuta kinachoozesha meno ya Waswidi. Hospitali ile ilikuwa ya watu wenye ulemavu wa akili, na wao ndio waliofanyiwa majaribio. Wengine walipewa sukari pamoja na chakula. Wengine wakapewa tofi katikati ya milo, hadi 24 kwa siku, tena tofi zilizotengenezwa makusudi zigande menoni. Sehemu ya fedha ilitoka kwa wenye biashara ya sukari na pipi. Wagonjwa hawakuombwa ridhaa, na baadhi yao meno yaliharibika vibaya.

Naona ulikuwa ukatili, hata kama ulivaa koti jeupe. Ila majibu yaliyochapishwa mwaka 1954 bado yanatuhusu. Waliokula sukari nyingi wakati wa mlo hawakudhurika sana. Walioumia ni wale wa tofi, waliokuwa wakimung'unya asubuhi, mchana na jioni.

Sababu yake ni hii. Ule ukoga unaoushika kwa ulimi ukiamka asubuhi umejaa bakteria. Ukila sukari, nao wanakula, kisha wanatoa asidi inayolainisha gamba gumu la nje la jino. Mate ndiyo yanayoipoza asidi hiyo na kurudisha madini jinoni, lakini yanahitaji nusu saa au zaidi. Ukionja tena kabla muda huo haujaisha, mate yanaanza kazi upya. Kwa hiyo anayekunywa chai ya vijiko vitatu kwa mkupuo, akanyanyuka, ana nafuu kuliko yule wa kijiko kimoja anayeinywa kidogokidogo mezani kwake tangu saa tatu hadi saa saba.

Na hapo ndipo ninapowaangalia wanetu. Ubuyu wa rangi unamung'unywa njia nzima kutoka shule, kokwa moja baada ya nyingine. Pipi ya kijiti inatolewa mdomoni, inafungwa kwenye karatasi, inarudishwa baadaye. Mtoto mchanga analazwa na chupa ya maziwa yaliyotiwa sukari, na usingizini mate hupungua sana, basi meno ya mbele ya juu yanaanza kuoza hata kabla hajajua kusema "linauma." Usiniambie wewe unatia asali au sukari guru. Kwa bakteria yote ni karamu.

Haya, na hizi bidhaa zinazoitwa "bila sukari"? Hapa tuwe waangalifu, maana kuna mbili. Bigijii yenye zailitoli, kitia utamu kinachotumika badala ya sukari, ni kitu cha maana. Bakteria hawawezi kuigeuza zailitoli kuwa asidi, na kule kutafuna kwenyewe kunaleta mate. Wafini waliijaribu mjini Turku miaka ya 1970, na waliokula vyakula vilivyotiwa zailitoli badala ya sukari karibu hawakupata matundu mapya. Sisemi ichukue nafasi ya mswaki na dawa yenye floridi. Na kama unafuga mbwa, ifiche: zailitoli inaweza kumuua.

Soda isiyo na sukari ni hadithi nyingine. Sukari imeondolewa, asidi imebaki, iwe ya sitriki au ya fosforiki. Hiyo haimsubiri bakteria yeyote. Inalila jino yenyewe. Ukiinywa kwa funda dogodogo mchana kutwa, meno yanapungua bila hata tundu moja. Na ukishainywa usikimbilie mswaki papo hapo, utalisugua jino likiwa bado laini. Sukutua kwa maji, subiri.

Waswidi, baada ya Vipeholm, waliambiwa pipi ziwe za siku moja kwa wiki. Wakachagua Jumamosi, na hadi leo familia nyingi kule zinafuata utaratibu huo. Napenda wazo hilo kuliko kumkataza mtoto kabisa, kwa sababu katazo halifiki mbali zaidi ya geti la nyumba. Lakini kwetu Jumamosi ni siku ya harusi na shughuli, hesabu itapotea. Mimi ningechagua Ijumaa mchana, baada ya pilau: sahani ya halua, kashata, ubuyu kwa anayetaka, vyote viliwe hapo mezani, vyombo vitolewe, na watoto wapewe maji.