Mzee wa Tervuren
(Maneno ya familia moja kwenye mkutano wa mwezi)



Kamati ilituomba tuseme kidogo juu ya kupokea wenzetu, kwa sababu kuna wenye wanarudi hapa Goma na hawana mtu hata wa kuwaonyesha ofisi ya kartiye. Sisi tutaeleza siku moja tu. Katika miaka yote tuliyoishi Ulaya, ile siku njo tulipokelewa vizuri kabisa, na aliyetupokea hatukumjua.

Ilikuwa 2019, mbele ya kufunga mizigo. Mama yetu alikataa kurudi bila kuona makumbusho ya Tervuren, karibu na Brussels. Yalikuwa yamefunguliwa upya mwezi wa 12 mwaka 2018, kiisha miaka mitano ya matengenezo. Tukapanda tramu 44 pale Montgomery, pamoja na watoto. Ikapita katikati ya msitu, na mama akafurahi kuona miti.

Kule ndani watoto walikimbilia mtumbwi mmoja mrefu, zaidi ya metre 22, wa mti mmoja tu. Mama anajua mitumbwi ya ziwa Kivu. Akauzunguka mara mbili.

Tukafika kwenye ukuta wa majina. Ni majina 1508, ya Wabelgiji wenye walikufa Kongo kati ya 1876 na 1908. Mama aliyasoma polepole, kidole hewani. Halafu akauliza kwa sauti, kama vile tuko nyumbani:

– Na majina ya batu betu, iko wapi?

Watu waligeuka. Mzungu mmoja mzee sana, kofia magotini, akajibu kutoka kwenye kiti chake:

– Iko, mama. Lakini jua iko najificha. Tungoje kidogo.

Ndiyo, Kiswahili. Cha kwetu kabisa, siyo cha vitabu! Alituambia alizaliwa Bukavu, wakati ule ikiitwa Costermansville. Akasimama, akampa mama kiti, akatueleza. Freddy Tsimba, msanii wa Kinshasa, aliweka kwenye vioo vya madirisha majina ya Wakongomani waliofia Ubelgiji. Jua likiwaka, kivuli cha majina hayo kinaanguka juu ya ukuta, juu ya yale mengine.

Siku ile ilikuwa mawingu matupu. Tulingoja zaidi ya nusu saa, naye amesimama kwa miguu yake ya uzee. Akatusimulia mwaka 1897: mfalme Leopold wa Pili alileta Wakongomani 267 kwenye maonyesho hapo Tervuren, wakawekwa kwenye vijiji vya kuigiza ili watu waje kuwatazama. Saba walikufa. Aliposema hivyo hakutuangalia sisi, aliangalia dirisha.

Jua likatoka, kidogo tu. Mama aliona.

Tulifikiri imeisha. Mzee akauliza: munataka kufika kwao? Akatutembeza mpaka kanisa la Mtakatifu Yohana, ambako wale saba wamezikwa pembeni ya ukuta. Mvua ikaanza. Mwavuli ulikuwa mmoja, wake. Akaushika juu ya kichwa cha mama, yeye akalowa. Mama akafungua kitenge cha mabega, akapangusa majani juu ya mawe, akaita: Ekia, Zao, Mpeia, Mibange... mpaka wote. Mzee alikuwa amevua kofia.

Kiisha akatusindikiza kwenye tramu, na hakuondoka mpaka mlango ulipofungwa. Jina lake hatulijui. Mama anamwita mtoto wa Bukavu.

Sasa, wengine hapa wanasema msaada ni pesa ya mfuko, basi. Pesa inatakiwa, hatukatai, na wenye deni la mchango wanajijua. Lakini mama hata leo hasimulii mtumbwi. Anasimulia mwavuli.

Kwa hiyo tunaomba hivi: kila anayerudi, watu wawili wa chama wawe naye siku ya kwanza. Wamngoje pale anaposhuka, waende naye kwenye kartiye, wanunue naye kadi ya simu, wafike naye soko la Virunga asidanganywe bei. Na wasimwachie njiani kwa sababu saa imefika.

Daftari liko kwa katibu, pale mlangoni. Sisi tumeandika Jumamosi ya kwanza. Mama naye anasema atakwenda, ila mtu amtafutie motari asiyekimbia.