Maziwa Yakiondolewa, Kinaingia Nini?



Mwaka 2001 madaktari wa Atlanta, Marekani, waliandika katika jarida la Pediatrics habari za mtoto wa miezi 22 aliyeugua unyafuzi, ule wengi wetu tunauita kwashakoo. Kwao hapakuwa na njaa. Wazazi wake walikuwa wasomi, na mtoto alionwa na daktari mara kwa mara. Alikuwa na pumu ya ngozi, wakaamini maziwa hayapatani naye. Alipoachishwa ziwa wakawa wanampa kinywaji cha mchele. Kinywaji hicho ni cheupe kama maziwa, lakini protini yake ni ya kutafuta kwa tochi.

Mzio wa maziwa unaweza kumdhoofisha mtoto kwa kumharisha na kumtapisha, sikatai. Ninachodai ni kwamba daktari anayeandika "asipewe maziwa" akaishia hapo ameandika nusu ya cheti.

Kikombe cha robo lita cha maziwa ya ng'ombe kina takriban gramu 8 za protini na miligramu 300 za kalisi. Mtoto wa mwaka mmoja hadi mitatu anahitaji kama miligramu 500 za kalisi kwa siku. Ukikiondoa kikombe hicho, umeondoa zaidi ya nusu ya kalisi yake.

Huku pwani jirani atakwambia umpe tui. Tui zito lina mafuta, na mafuta ni nguvu, kwa hiyo litie kwenye uji bila wasiwasi. Ila kalisi yake ni haba na protini yake ndogo. Mwingine atakutajia maziwa ya mbuzi. Hapo nasema hapana: protini zake zinafanana mno na za ng'ombe, na watoto wengi wenye mzio huu huyakataa vilevile. Kuchemsha nako hakusaidii, maana kaseini, protini ya maziwa, haiogopi moto wa jikoni.

Dagaa ndio jibu letu la karibu, kwa mtoto asiyedhurika na samaki: wakavu, wazima na miiba yao, wakisagwa laini wakatiwa kwenye uji au mboga. Sukuma wiki nayo huupa mwili kalisi yake kwa urahisi, mchicha huing'ang'ania. Unga wa lishe wa dukani usomeni kwanza, kwani mwingine umetiwa maziwa ya unga.

Kwa aliye chini ya mwaka mmoja, ziwa la mama halina mshindani. Asiyenyonya anahitaji maziwa maalumu ya kopo ambayo protini zake zimevunjwavunjwa. Ni ghali, na bima zetu zingefaa kulitazama hilo.

Lakini kwanza tuhakikishe mzio upo. Tumbo la mtu mzima kunguruma kwa maziwa ni sukari isiyosagwa, jambo jingine kabisa. Kwa mtoto, maziwa huondolewa wiki mbili hadi nne, kisha hurudishwa tuone. Aliyewahi kuvimba au kubanwa pumzi hurudishiwa hospitalini tu. Wengi hupona wakiwa bado wadogo, kwa hiyo marufuku ya milele haina msingi.

Wauguzi na madaktari wenzangu, nawaomba: mtoto mliyemkataza maziwa mpimeni urefu pia, si uzito peke yake, na kwenye kadi yake ya kliniki andikeni atakula nini badala yake na lini tutamjaribu tena.