Dira ya Nyumba Yako Inakukataza Nini?



Siku hizi maduka makubwa na shule hutundika ukutani dira na dhamira. Dira hueleza tunakotaka kufika; dhamira, kazi tuifanyayo kila siku ili tufike. Nyumba nayo yafaa iandike yake. Lakini maandishi mengi ya namna hii hayamzuii mtu lolote.

Sisi wa Kikatiti tu majirani wa Arusha, lilikopitishwa Azimio la Arusha mwaka 1967. Azimio lile halikuishia kutaja ujamaa na kujitegemea. Liliweka masharti: kiongozi asiwe na mishahara miwili, hisa katika kampuni wala nyumba ya kupangisha. Raia yeyote aliweza kumpima kiongozi wake. Mwaka 1991, kule Zanzibar, masharti hayo yalilegezwa. Neno ujamaa limebaki katika Katiba hadi leo, bali kipimo kiliondoka.

Nami yalinifika. Niliandika: "Watoto wetu wote watasoma." Nilipouza mahindi nikatoa mchango mkubwa wa harusi, na binti yangu akarudishwa nyumbani kwa kukosa ada. Ndipo mama watoto akaongeza mstari: "Fedha ya ada haiguswi kwa mchango wowote." Mstari huo ndio unaotulinda.

Basi mfanyabiashara aandike mizani asiyoipunja, kijana aandike anachojinyima, na wazazi waandike wasichokigusa. Kisha msomeeni mtu atakayethubutu kuwakumbusheni.