SHANGA ZA KIOO MAHALI PA MCHANGA
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama wa karakana)



Leo nataka tuseme juu ya kazi ya sandiblasti. Wengi wenu mwaijua: kompresa yasukuma upepo, upepo wachukua mchanga, na mchanga wapiga chuma mpaka kutu na rangi ya zamani vyatoka. Kazi hii si ya jana. Mmarekani Benjamin Tilghman alipewa hati ya uvumbuzi wake mwaka 1870.

Lakini mchanga ukigonga chuma huvunjika ukawa vumbi jembamba lisiloonekana kwa macho. Vumbi hilo lina silika. Huingia ndani kabisa ya mapafu na kuyatia makovu. Mtu hukosa pumzi, na kifua kikuu humshika kwa urahisi. Ugonjwa huu ni silikosisi, nao hauna dawa ya kuuponya. Ndiyo sababu Uingereza ilikataza mchanga katika kazi hii viwandani kwa kanuni za mwaka 1949.

Badala yake ziko shanga za kioo. Ni viduara vidogo. Zile kubwa zafika milimita 0.6 hadi 0.85. Mtu atauliza, "Je, kioo si mchanga vilevile?" Ni kweli, kioo hufanywa kwa mchanga, magadi na chokaa. Lakini vikiyeyushwa pamoja motoni, silika yake hubadilika, isiwe tena ile ya fuwele iletayo silikosisi.

Tena shanga ni duara. Mchanga hukwaruza, shanga hugonga kama nyundo ndogo. Huondoa uchafu, masizi na kutu nyepesi, na kuacha chuma king'aacho kwa upole bila kukila. Zafaa kwa vipande vya injini, alumini na chuma kisichoshika kutu. Shanga kubwa hugonga kwa nguvu zaidi na kuacha vishimo vikubwa kuliko ndogo. Lakini kwa kutu nene, au chuma kitakachopakwa rangi nzito, shanga hazitoshi, kwa maana rangi yataka mahali palipokwaruzwa ili ishike. Hapo itumike changarawe ya chuma au ganeti, si kurudia mchanga.

Msizidishe upepo. Nguvu ikipita kiasi shanga hupasuka mapema, na vipande vyake vyenye makali hukwaruza kazi. Zikitumika vizuri hukusanywa na kutumiwa mara nyingi, mradi zichujwe kuondoa vumbi na zilizovunjika. Na zilizopiga chuma chenye kutu zisipelekwe kwenye alumini.

Sasa neno ninalotaka mlishike. Mahali pengine shanga zikiletwa, msimamizi husema, "Kioo hakina hatari, rudisheni kofia za hewa stoo." Ndugu, msikubali! Shanga zimeondoa hatari ya mchanga tu. Vumbi la kile kinachobanduliwa lingalipo, na rangi ya zamani yaweza kuwa na risasi, ambayo ni sumu. Kitambaa kilichofungwa puani hakitoshi kulizuia. Kazi ndogo ifanywe ndani ya sanduku lililofungwa lenye kuvuta vumbi. Kazi kubwa ifanywe kwa kofia iletewayo hewa safi, na wasiokuwa nayo wakae mbali.

Haya si fadhila ya tajiri. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga, nayo yamkataza kumwadhibu mfanyakazi aliyelalamika juu ya hatari. Basi mkiona gunia la mchanga kando ya kompresa, ulizeni ni la nini. Mkinyang'anywa kofia, mwambieni mwakilishi wenu siku ile ile, wala msingoje kukohoa. Mashine ikiharibika hununuliwa nyingine. Pafu haliuzwi dukani.